Kisu changu cha mashoto hakitengenezwi tena. Nikisake?

Shikamoo Fundi,

Kazi yangu ni kubebesha miche ya matunda. Nachukua kikonyo cha mti unaojulikana kwa uzao wake, nakichonga, nakipachika juu ya mche shina, nafunga utepe, namwachia Mungu. Miaka 14 sasa. Na miaka hiyo yote, ukitoa miezi ya mwanzo, nimetumia kisu kimoja tu.

Mimi ni mashoto, na kisu changu ni cha mashoto. Nilipoanza nilikuwa naazima visu vya wenzangu, na mikato yangu yote ikawa inatoka na tumbo: ukibandika miwili pamoja, katikati inagusana, kingoni inaachana. Marehemu mwalimu wangu alinitazama wiki nzima bila kusema kitu. Nadhani alishaamua kwamba sina mkono wa kazi. Siku moja akaniambia nikate kwa mkono wa kulia. Nikakata ovyoovyo, nusura nijikate kidole, lakini mkato wenyewe ukalala bapa kama meza. Akauokota, akaugeuzageuza, akaanza kucheka peke yake. Baada ya majuma kadhaa akaniletea kisu cha kukunja, bapa fupi lililonyooka, limechongwa upande mmoja tu, na upande huo ni kinyume na visu vya wenzangu. Sikujua kama vitu hivyo vipo duniani.

Sasa kimeliwa. Kilipokuwa kipya upana wa bapa ulifika kidole changu cha shahada. Leo ni nusu yake. Nakinoa kila asubuhi kabla ya kazi kwenye kinoo alichoniachia mwalimu, kile chenye bonde katikati kama kijiko. Upande wenye mteremko napitisha mara kumi, kisha nageuza, upande wa pili mara nne hivi, nikikiinua kidogo ili kile kiuzi cha chuma kinachobaki makalini baada ya kunoa kidondoke. Makali hayana neno, kinanyoa nywele za mkono. Kati ya mti na mti nakichovya kwenye maji ya klorini nisisambaze ugonjwa. Yaani sikidharau kisu hiki hata siku moja.

Lakini miche haishiki kama zamani. Misimu miwili iliyopita ilikuwa inashika 9 katika kila 10. Msimu huu ni 6, nikibahatika 7. Vikonyo ni vilevile, majira yaleyale, kivuli kilekile. Nikasema basi, mzee huyu amechoka, nimtafutie mwenzake.

Nikamwandikia mtengenezaji. Wakajibu kwa upole kwamba toleo lile lilisitishwa, la kushoto na la kulia, na sasa wana kisu kimoja kilichochongwa pande zote mbili, cha mikono yote. Nilikinunua. Hakinifai mimi, hakimfai wala mpwa wangu anayekata kwa kulia.

Tangu hapo, Fundi, nimekuwa msakaji. Usiku wenzangu wakilala mimi nipo kwenye simu natafuta jina la kisu na namba yake. Mwezi uliopita nimempata muuzaji mmoja wa mbali. Anasema anacho, cha mashoto, hakijawahi kutumika, kimetoka kwenye stoo ya duka lililofungwa. Bei yake ingeninunulia visu vitano vizuri vya aina nyingine. Picha alizotuma ni mbili, zote za upande mmoja, kisu kimelala juu ya kitambaa. Anasema kuna wengine wawili wanakitaka.

Mume wangu anasema chuma ni chuma. Mpwa wangu, ambaye nimemfundisha mimi, anakatia vile viwembe vya kukatia maboksi, vya kuvunja kipande na kutupa, na miche yake inashika 8. Juzi kaniuliza, kwa adabu kabisa, "Shangazi, kwa nini usijaribu na hivi?" Sikulala.

Nikinunue? Niendelee kusaka? Au niseme ukweli kwamba sisaki kisu, namsaka mwalimu wangu?

Ni mimi,
Mashoto wa Kitaluni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshaandaa jibu kichwani, la kukwambia ukisake au usikisake. Mara ya pili nikakwama kwenye sentensi ya kinoo chenye bonde na kisu kinachoinuliwa kidogo, na jibu lote likabadilika. Kabla hujamtumia yule muuzaji hata senti, naomba tukiangalie kwanza hicho ulichonacho mkononi, kwa sababu nina shaka kubwa kwamba hakijachoka. Kimepindishwa, na aliyekipindisha ni wewe, kidogo kidogo kila asubuhi, kwa nia njema kabisa.

Kisu cha kubebeshea kina nyuso mbili ambazo kazi zake hazifanani. Wenye mteremko ndio unaopasua njia. Ule mwingine, usio na mteremko, ndio rula: unalala juu ya kikonyo na kukiongoza kisu kiende sawa, na mkato unatoka bapa kwa sababu rula ni bapa. Ndiyo maana kisu cha mkono wa kulia kilikusumbua. Mkononi mwako mteremko uligeukia upande wa kikonyo, ukawa unakisukuma kisu nje ya njia, na mkato ukafanya tumbo. Mwalimu wako alikigundua kisa hicho kwa kukwambia ubadilishe mkono, na mimi nimewajua mafundi wa miaka 30 ambao wasingewaza hivyo.

Sasa tupige hesabu. Unasema upande wa pili unapitisha mara 4, ukiuinua. Tuchukue siku 250 za kazi kwa mwaka, kwa miaka 14. Ni mara 14,000. Mara 14,000 umeuinua ule upande ambao haukutakiwa kuinuliwa hata mara moja, tena juu ya jiwe lenye bonde, ambalo lenyewe linaviringisha chochote kinachopita juu yake. Chuma kinakumbuka. Kwa mashaka yangu, karibu na makali ule upande bapa umeshapata mteremko wake mdogo, na kisu chako cha mashoto kimekuwa, bila mtu kukusudia, kisu cha pande mbili. Kama kile kipya ulichokinunua ukakikataa.

Na kunyoa nywele? Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Nywele inakwambia makali ni membamba kiasi gani. Haikwambii lolote kuhusu unyoofu wa uso nyuma ya makali. Kisu kinaweza kukunyoa ndevu na bado kikakata kikonyo chenye tumbo. Tabaka linalounganisha kikonyo na shina liko chini tu ya gome, jembamba mno, unene wa seli chache, na liko kingoni mwa mkato, siyo katikati. Tumbo likigusana na tumbo, katikati ni mti kwa mti na kingoni ni hewa. Utepe ukikazwa sana unasaidia, ndiyo maana 6 bado zinashika.

Usinishike kwa neno langu, maana nimeona barua, kisu sijakiona. Jaribu. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha, kioo huwa kimenyooka kuliko meza yoyote uliyo nayo. Laza ule upande bapa juu yake, ubonyeze kwa kidole katikati, inamisha macho usawa wa kioo, na mtu awashe tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya kwenye makali, umenielewa. Kisha kata vikonyo viwili, bandika mkato kwa mkato bila utepe, viinue kwenye jua. Fanya hivyohivyo na vya mpwa wako.

Kuhusu huyo mpwa. Viwembe vyake vimechongwa pande mbili, ni kweli, lakini unene wake ni nusu milimita au pungufu. Kwa wembamba huo mteremko hauna nafasi ya kusukuma kisu popote, halafu kila kipande ni kipya. Ndiyo maana anapata 8. Ubaya wake ni kwamba vinapinda kwenye kijiti kigumu, mkato unatoka na wimbi, na siku kimoja kitakatika na kuruka, kwa hiyo mwambie avae miwani. Lakini usimwonee haya kijana. Alichokuuliza si utovu wa adabu, amekuletea kipimo bure.

Tiba haihitaji fedha ya maana. Chukua msasa wa maji, namba 120 au 220, ulaze juu ya kile kioo ukiwa umelowa. Chora mistari ya penseli kwenye uso wote wa kinoo, mraba mraba, kisha usugue kinoo juu ya msasa. Pembeni mistari itafutika haraka, katikati itabaki. Endelea. Osha, chora tena, sugua tena, mpaka mistari ifutike yote kwa wakati mmoja. Kinoo chenye bonde la miaka mingi kitakula msasa zaidi ya mmoja na mchana mzima, na maji yatakuwa tope. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato.

Halafu kisu. Paka wino wa maka peni kwenye upande bapa wote, hadi makalini. Kilaze juu ya kinoo kilichonyooka, kimelala kabisa, vidole viwili juu yake, usikiinue hata unene wa karatasi. Sugua mara kumi, tazama. Wino utatoka katikati na kubaki kama ukanda mwembamba pale makalini. Ukanda huo ndio zile mara 14,000. Sugua mpaka ukanda wote uishe, kuanzia mpini hadi ncha. Usiwe na pupa, na wallahi usimpe mtu wa mashine ya kunolea akufanyie haraka. Chuma cha kisu hupewa ugumu wake kwa moto wa kiasi, na moto mwingine unaunyang'anya: kikifika nyuzi 220 za Selsiasi hivi kinageuka rangi ya majani makavu, kikikaribia 300 kinakuwa buluu, na palipo buluu pamelainika. Mashine inafika huko kwa sekunde kadhaa kwenye makali membamba, kabla hujasikia joto mkononi.

Ukimaliza, ibadilishe ile desturi ya asubuhi. Upande wenye mteremko noa kama kawaida yako. Kiuzi cha chuma kiondoe kwa kukilaza kisu kwenye upande bapa, kimelala chote, mara moja au mbili. Kama hakitoki, pitisha kwenye kipande cha ngozi. Na ile klorini iache, inatafuna chuma, tena inaanzia kwenye makali ambako chuma ni chembamba zaidi. Spiriti ya asilimia 70 inaua vijidudu, na hukauka yenyewe.

Upana kupungua nusu kusikutie hofu. Kubebesha hakuhitaji bapa pana. Mradi kisu kikifunguka kinasimama imara na hakichezi kwenye ribiti, kina misimu yake bado.

Sasa tuje kwenye kusaka kwenyewe, maana hata kikipona, hakitadumu milele, na swali lako litarudi.

Niliwahi kuwa na kisu cha kupunguzia ngozi, kidogo, cha mwinuko ambao sikuuona kwenye kisu kingine. Kikavunjika. Mtengenezaji alikuwa ameshaacha kukitengeneza. Nilikisaka kwa zaidi ya miaka miwili, na wakati nasaka, kwa kuwa ngozi haikungoji, nilichonga cha kubabaisha kutoka kwenye kipande cha msumeno wa mashine ya kukatia vyuma. Chuma hicho, ule msumeno ukiwa ni wa aina moja mwili mzima, kinakuja kigumu tayari na hakipotezi ugumu kirahisi hata kikipata moto kidogo, ndiyo maana mafundi wa ngozi wanakigombania. Nikafungia kamba mpini, nikaendelea na kazi. Hatimaye nikakipata nilichokuwa nakisaka. Kikaja kimefungwa vizuri, jina lilelile, namba ileile. Nikakikatia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila nikimaliza mkono unarudi kwenye kile cha msumeno. Mkono ulikuwa umeshahama na haukuniaga. Kingine ni kwamba kilichokuja hakikuwa sawasawa na kile cha zamani: bapa lilikuwa nene zaidi na chuma laini zaidi. Ninavyodhani, miaka ya mwisho walibadilisha chuma au kiwanda bila kubadilisha jina. Jambo hilo hutokea sana kwa bidhaa inayokaribia kufa.

Sikwambii hivi ili nikukatishe tamaa. Nakwambia kwa sababu msakaji husaka jina na namba, wakati mkono unataka vipimo. Kwa hiyo kabla ya lolote, keti na kisu chako na uandike unachokitaka kwenye karatasi: urefu wa bapa, unene wake kwenye mgongo (azima kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwa fundi chuma), unyoofu wa makali, urefu na unene wa mpini, uzito, kinafungukia upande gani, mteremko wake ni mpana kiasi gani. Kilaze kwenye boksi gumu, chora umbo lake. Karatasi hiyo ina thamani kuliko jina, kwani unaweza kumpelekea mtu yeyote.

Yule muuzaji, kwa jinsi ulivyomweleza, nisingempa fedha leo. Picha mbili za upande mmoja kwa kisu ambacho thamani yake yote iko kwenye upande! Mwambie akupigie picha kisu kimefunguliwa, makali chini, pande zote mbili, na maandishi ya kwenye bapa yasomeke. Nasisitiza maandishi kwa sababu moja ambayo watu huisahau: picha ikigeuzwa kama kwenye kioo, kisu cha kulia kinakuwa cha kushoto. Simu nyingine hufanya hivyo zenyewe, na watu wengine hufanya makusudi. Herufi zikisomeka kinyumenyume, umejua. Kisha linganisha muhuri na wa kwako. Herufi za umbo tofauti au nembo iliyobadilika maana yake ni kwamba kimetoka miaka mingine, labda na chuma kingine.

Akupigie pia picha ya karibu sana ya upande bapa. "Hakijawahi kutumika" haimaanishi hakijawahi kushika kutu. Kisu kilichokaa stoo miaka mingi kinaweza kuwa na vitobo vya kutu, na kwenye kisu cha aina yako vitobo vilivyo kwenye upande bapa ni vibaya kuliko vya upande wa mteremko. Mteremko utaunoa na vitobo vitaisha. Upande bapa hauwezi kuondoa kitobo kimoja bila kushusha uso mzima. Weusi wa kijivu usikutishe, huo ni utando tu wa chuma cha kaboni na hata unakilinda kidogo. Wekundu ndio adui. Na kama kuna buluu yoyote pale makalini, aga.

Akikwambia ni cha kale sana, cha babu wa mababu, tazama kama kimeandikwa "inox" au "rostfrei", yaani hakishiki kutu. Harry Brearley alianza kuyeyusha chuma cha namna hiyo pale Sheffield mwaka 1913, kwa hiyo kisu chenye maandishi hayo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, hata kikiletwa kwenye sanduku la mbao lililooza. Kwako wewe umri hauna maana, unataka cha kukatia. Ila muuzaji anayekosea umri ataweza kukosea na mengine.

Na hao wengine wawili wanaokitaka, waache wakichukue. Muuzaji mwenye kitu kizuri hakereki kupiga picha nne zaidi. Akikubali, picha zikawa safi na vipimo vikakubaliana na karatasi yako, hapo sitakuzuia, kwani kisu kinachokulisha si sawa na saa ya kupambia mkono. Uliza kwanza sheria za kutuma visu kwa posta, zako na zake, visije vikaishia forodhani.

Ila usidhani njia ni hiyo tu. Visu vya kubebeshea vya mashoto bado vinatengenezwa. Wapo akina Tina wa Ujerumani, wanavyo vilivyochongwa kwa mkono wa kulia na vilivyochongwa kwa mkono wa kushoto, na hawako peke yao. Ulisaka jina moja mpaka ukadhani ndilo pekee, na mimi hilo nalielewa, niliwahi kuumwa ugonjwa huohuo.

Njia ninayoipenda zaidi ni fundi wa visu. Mpelekee kisu chako na ile karatasi, mwambie akufanyie mwenzake, si lazima kikunjike. Kama ana moto wa mkaa tu, muombe chuma cha kaboni, chenye kaboni asilimia 0.8 hadi 1, usimuombe kisichoshika kutu. Cha kaboni anaweza kukimudu kwa macho na sumaku: kikipata moto hadi sumaku isikivute tena, karibu nyuzi 770, anakipandisha kidogo, anakizamisha kwenye mafuta, tupa ikiteleza juu yake bila kuuma amejua kimeshika, halafu anakirudisha kwenye joto la nyuzi 200 hivi kwa saa moja au mbili kisije kikawa kama kioo. Kisichoshika kutu kinataka nyuzi zaidi ya 1,000 na tanuri la kudhibitiwa, na kikikosewa hutaona kwa macho, utaona baada ya mwezi. Mwombe ugumu wa 58 hadi 61 kwa kipimo cha Rockwell kama ana namna ya kupima. Usimkubalie akikwambia atakugeuzia kisu cha kulia kiwe cha kushoto. Akichonga mteremko upande wa pili bila kuumaliza ule wa kwanza, amekupa kisu cha pande mbili, na akiumaliza ule wa kwanza, bapa limebaki nusu. Bora aanze na bapa ambalo halijachongwa kabisa.

Na vyovyote iwavyo, weka tarehe ya kuacha kusaka. Mwisho wa msimu, tuseme. Simu ya usiku inakula usingizi, na mkono wenye usingizi hukata tumbo hata kwa kisu kilichonyooka.

Umeuliza kama unamsaka mwalimu. Kisu cha yule muuzaji mwalimu wako hakukishika. Alichokishika kiko mfukoni mwako, na kinoo chake kiko kwako pia. Najua utasita kulifuta lile bonde, kwa sababu yeye ndiye aliyelianza na wewe ukalimalizia. Lifute. Angekuwa hai angekuwa ameshakusema siku nyingi kwa kunolea juu ya jiwe la hivyo, kama mtu aliyeweza kukaa wiki nzima akitazama mikato mibaya bila kuchoka ni wa aina ninayoidhani.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kunoa: kioo, tochi, na mpwa wako ndiye ashike tochi. Ukiona mwanga chini ya bapa niandikie umeuona wapi. Ukiwa makalini kote, dawa ni ile niliyokuandikia. Ukiwa karibu na ncha tu, usianze kusugua mpaka nikujibu.

Fundi